Je, Wajua? Sarafu ya Kilwa na Kikoa Kisicho na Mwenyewe

Je, wajua kwamba sarafu za shaba za Kilwa zina jina la sultani upande mmoja, na upande wa pili maneno ya kumtaja Mungu yenye vina na jina hilo, lakini hazina mwaka wala mji zilikofuliwa? Jina lipo, anwani hakuna. Fungua leo rekodi ya tovuti ya .com ya nyumba ya wageni pale Kilwa Masoko, utakuta kinyume chake: siku jina lilipoandikishwa, siku litakapokwisha muda, kampuni iliyoliuza, mara nyingi hata nchi na mkoa. Panapotakiwa jina la mtu pameandikwa tu kwamba limefichwa.

(Jina hilo la tovuti, liishie na .com au .tz, ndilo wataalamu wetu wanaloliita kikoa.)

Je, wajua kuwa daftari la wenye vikoa, liitwalo WHOIS, lina maelezo yake rasmi tangu Machi 1982? Enzi hizo mtandao ulikuwa ARPANET, wa watafiti na wanajeshi wa Marekani. Kila mtumiaji aliombwa aandikishe jina, anwani ya posta, simu na barua pepe. Hakuna aliyeona vibaya. Walikuwa wachache na wanajuana, kama wavuvi wa bandari moja. Baadaye bandari ikajaa wageni wa dunia nzima, na daftari likabaki wazi mezani.

Wazi kiasi gani? Kabla ya 2018, aliyenunua .com bila kulipia kificho, simu yake ilisomeka na yeyote, kuanzia Nangurukuru hadi Toronto. Mimi nilinunua changu nikaandika namba ileile ninayoongea nayo na mama. Wiki haikuisha. Wa kwanza alinipigia kwa Kiingereza akiuliza kama nataka kutengenezewa tovuti. Wa pili vilevile. Mmoja alipiga saa tisa usiku, nikaruka kitandani nikidhani kuna msiba. Kisha ikaja barua pepe yenye sura ya ankara, ikidai jina langu linakwisha muda na nilipe leo hii. Kidogo nilipe.

Je, wajua kuwa kuficha nako kuligeuka biashara? Mwaka 2002 ilianzishwa Marekani kampuni ya Domains By Proxy: unailipa, daftarini linakaa jina lake badala ya lako. Serikali ya nchi hiyohiyo ikapiga marufuku mtindo huo kwa vikoa vya .us mwaka 2005.

Je, wajua kwamba mtu wa Kivinje alifunikwa na sheria ya Ulaya bila kuiomba? Sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, GDPR, ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018. ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina haya, lilipitisha kanuni za muda siku nane tu kabla. Wauzaji wengi hawakutaka kazi ya kumtenga Mjerumani na Mmatumbi, wakawafunika wote.

Kikoa cha .tz hakimo katika kanuni hizo, kwa kuwa kila nchi hujipangia cha kwake.  

Je, wajua kwamba Tanzania nayo ina sheria yake? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Lakini mwenzangu, kufichwa kwa majirani hakumaanishi kufichwa kwa serikali: laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020.

Je, wajua kuwa kikoa kiliwahi kumfikisha mtu mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam? Maxence Melo, mwasisi mwenza wa jukwaa la mtandaoni la JamiiForums, alikamatwa Desemba 2016. Mashtaka yalikuwa ya aina mbili: kuendesha tovuti isiyosajiliwa kwa .tz, na kuzuia uchunguzi kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za wachangiaji. Aprili 2020 alihukumiwa, kwa moja ya kesi za kuzuia uchunguzi, faini ya shilingi milioni 3 au jela mwaka mmoja.

Hapo ndipo ninapogawanyika. Anayepokea pesa ya chumba kwa simu kutoka kwa mgeni asiyemjua, nataka jina lake lisomeke. Mkulima wa Lindi anayelalamikia bei ya ufuta kwenye ukurasa wake, hanidai wala simdai. Jina lake la nini? Daftari la WHOIS halikuwahi kuwatenga hawa wawili, si lilipokuwa wazi, si lilipofungwa. Kwa kampuni walau ipo BRELA, wakala wa serikali wa kusajili kampuni: lipia ada, utaonyeshwa wakurugenzi.



Turudi kwenye sarafu za Kilwa. Je, wajua jinsi zama za sultani Ali bin al-Hasan zilivyojulikana? Sarafu zake hazina mwaka, na wataalamu walimweka karne ya 13. Mwaka 1984 huko Mtambwe Mkuu, Pemba, yakafukuliwa mafungu ya sarafu zaidi ya 2,000, zake zikiwamo. Kando yake palikuwa na dinari za dhahabu za Wafatimi wa Misri, na hizo zina tarehe: ya mwisho ni ya 1066. Akarudishwa nyuma hadi karne ya 11. Wachunguzi wa utapeli wa mtandaoni hufanya vivyo hivyo leo. Jina likifichwa, huangalia ni tovuti zipi nyingine zinazokaa kwenye seva ileile.