Redio Kazini: Lini Inasaidia, Lini Inadhuru



Swali la redio kazini limefika tena mbele ya chama. Wengine wanasema redio inafukuza usingizi na kazi inakwenda, wengine wanasema inawavuruga. Nyapara naye hutaka izimwe, mpaka siku anayotaka kazi iende mbio. Kila mmoja ana ukweli wake, maana jibu linategemea kazi yenyewe na mahali inapofanyika.

Akili haivutwi sana na sauti iliyopo muda wote. Inavutwa na sauti ya ghafla, kama ndoo kuanguka au mtu kuita. Mvua ikinyesha juu ya bati pale Rubondo, fundi anaendelea kushona bila kugutuka, kwa kuwa mvua ina sauti moja na inafunika makelele madogo madogo. Lakini watu wawili wakizungumza nyuma yako kwa lugha unayoielewa, sikio linawafuata hata hutaki. Kwa hiyo mtu anayepukuchua mahindi, kuchambua maharagwe au kuchuma chai, wimbo unamsaidia kukaa macho. Wazee walilijua hili. Pwani nyimbo za kazi zina jina lake, hodiya. Bali karani wa mizani anayeandika kilo za kila mchumaji asiwekewe redio inayosoma habari. Akikosea tarakimu, wa kwanza kupunjwa ni wewe uliyebeba kikapu.

Waajiri nao wamelijua zamani. Mwezi wa Juni 1940, wakati wa vita, BBC ya Uingereza ilianza kipindi cha muziki kwa ajili ya viwanda, asubuhi na alasiri, kikaendelea mpaka 1967. Wimbo mmoja wa Kimarekani wenye makofi ulikatazwa kwa sababu wafanyakazi waliufuatisha kwa kugonga mashine na spana! Shabaha ilikuwa bidhaa zitoke nyingi.

Wasokota sigara wa Havana, Cuba, walikwenda njia nyingine. Tangu 1865 walichanga kutoka ujira wao wenyewe wakamlipa msomaji, awasomee magazeti na vitabu huku mikono ikifanya kazi. Mwaka uliofuata serikali ya kikoloni ikapiga marufuku. Desturi hiyo ilivuka bahari hadi Tampa, Marekani, na huko mwaka 1931 wenye viwanda wakawaondoa wasomaji. Wafanyakazi waligoma, wakashindwa, wakawekewa redio. Kwa hiyo nani anachagua kinachosikika kazini ni jambo la kujadiliwa na chama, wala si la nyapara peke yake.

Sasa penye mashine. Kupandisha redio ili ishinde mngurumo wa mashine ya kusaga si dawa, ni kuongeza kelele juu ya kelele. Kipimo wanachokitumia wataalamu ni desibeli 85 kwa saa 8. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 91 ni saa 2. Huna chombo cha kupimia? Msemeshe mwenzako aliye umbali wa mkono mmoja. Ukilazimika kupaza sauti, basi huenda kipimo kimeshapita. Masikio yakilia jioni baada ya kazi, hiyo ni dalili, na usikivu ukishaharibiwa na kelele haurudi.

Vijana wanaoziba masikio kwa spika ndogo za simu wajihadhari zaidi. Muziki unaingia moja kwa moja, na hawasikii gari linalorudi nyuma wala mwenzao anayepiga kelele mashine izimwe.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Uganda ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Redio si kifaa cha kujikinga. Penye mngurumo tudai kwanza vizibo vya masikio na mashine kutengenezwa. Penye utulivu, wanaofanya kazi pale wapige kura kuhusu redio, na mizani iwekwe mbali nayo. Aliyekatwa mshahara kwa ajili ya vizibo alete karatasi yake ya mshahara kwa mwakilishi wa tawi.