Tusiizike Printa Iliyo Hai

Wasomaji wetu wa visiwani hawahitaji kukumbushwa adha ya umeme kukatika. Waliokuwapo Unguja tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua maana ya kukaa gizani kiasi cha miezi mitatu, baada ya hitilafu katika njia ya umeme unaotoka Bara kupitia chini ya bahari. Leo tunapenda kuzungumzia adha nyingine, ndogo kwa sura lakini yenye gharama, ambayo huanza pale umeme unaporudi.

Hivi karibuni tulikuwa wageni wa jamaa yetu, mwalimu wa shule ya msingi, anayeishi Misunkumilo, mjini Mpanda, katika Mkoa wa Katavi. Kwa mtu atokaye ng'ambo ya bahari, hiyo ni safari ndefu: reli huiacha njia kuu ya Kigoma pale Kaliua, ikashika tawi la kusini linaloishia Mpanda. Jumapili jioni tulimkuta mwenyeji wetu ameketi mbele ya kompyuta yake ya mezani, amekata tamaa. Mtihani wa majaribio wa darasa la saba ulikuwa ufanywe Jumatatu asubuhi. Printa ilikuwa chumba cha pili, taa yake inawaka, karatasi imejaa. Lakini kila alipoiamuru kazi, kioo cha kompyuta kilimjibu kwa neno moja la Kiingereza, "offline". Fundi mmoja alikuwa amekwisha mwambia kwamba mashine imeungua ndani, na kwamba hana budi kununua nyingine.

Njia iliyobaki ilikuwa kuupeleka mtihani steshenari ya mjini ndani ya flashi. Mwenyeji wetu hakuipenda njia hiyo, na sisi tulimuunga mkono. Mtihani ukiingia katika kompyuta ya duka hubaki humo, na siri ya mtihani ikivuja, atakayeulizwa ni mwalimu. Tena flashi iendayo dukani mara nyingi hurudi na virusi.

Kwa hiyo tulianza kuuliza maswali, moja baada ya jingine, kama afanyavyo tabibu kabla ya kuandika dawa.

Swali la kwanza: je, printa yenyewe ni nzima? Printa nyingi za mtandao huweza kuchapa ukurasa wa taarifa zao zenyewe kwa kubonyeza vitufe vyake, bila msaada wa kompyuta. Tulibonyeza, na ukurasa ukatoka safi. Hapo neno la yule fundi likaanguka. Mashine ilikuwa hai. Kilichopotea ni njia ya kuifikia.

Swali la pili: printa inaishi wapi katika mtandao? Kila chombo kilichounganishwa na ruta hupewa namba yenye mafungu manne, mfano wa 192.168.1.17. Ukurasa ule ulionyesha fungu la mwisho kuwa 17. Tulipofungua mipangilio ya printa katika kompyuta, tukakuta bado inapeleka kazi kwenye 12.

Sababu yake ni rahisi kufahamika. Kwa kawaida ruta ndiyo mgawaji wa namba hizo, na huzigawa kwa mkopo tu. Umeme ulikatika, vyombo vyote vikazimika. Uliporudi, ruta ikagawa upya, na printa ikaangukiwa na namba nyingine. Kompyuta haikupewa habari. Ikawa kama tarishi abishaye hodi kila siku katika nyumba ambayo mwenyewe amehama.

Tulisahihisha namba katika kompyuta, tukafuta kazi kuukuu zilizokuwa zimejipanga foleni zikiizuia ile mpya, na printa ikaanza kazi. Kisha tukaingia katika mipangilio ya ruta na kuiwekea printa namba yake ya kudumu, ili umeme ukikatika tena isihamishwe. Kazi yote haikuzidi nusu saa. Mtihani ulichapwa usiku uleule.

Tuongeze mambo mawili kwa wenye shida kama hiyo. Namba ya printa ikianza na 169.254, maana yake mara nyingi ni kwamba printa haikupata namba kutoka kwa ruta, ikajipa yenyewe. Hapo tazama waya, au nywila ya mtandao usio na waya. Na ikiwa namba ni sahihi lakini kompyuta bado haiioni printa, hakikisha vyombo vyote viwili vimeingia mtandao mmoja. Ruta nyingi huwa na mtandao wa pili wa wageni, na aingiaye humo huzuiliwa asivione vyombo vya wenyeji.

Sasa tunawageukia watumishi wa serikali. Ni mara ngapi mwananchi aliyetoka mbali amefika ofisini akaambiwa arudi kesho kwa kuwa "mtandao unasumbua"? Mara nyingine ni kweli. Lakini yafaa ieleweke kwamba mtandao wa ndani ya jengo na intaneti ni vitu viwili. Barua iliyokwisha andikwa katika kompyuta ya ofisi huweza kuchapwa na printa ya ofisi hiyo hata kama intaneti imekatika nchi nzima, maadamu ruta inawaka na njia ya ndani ni nzima. Mtumishi asiyejua tofauti hiyo humrudisha mwananchi bure, na nauli ya mwananchi hairudi.

Wala tusidhani kwamba taabu hii ni ya kwetu peke yetu. Katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani, mnamo mwaka 1980, printa ya mtandao iliyokwama ilimkera Richard Stallman kwa kuwa hakupewa programu yake airekebishe. Mwaka 1983 alitangaza mradi wa GNU, wenye lengo la kumpa kila mtumiaji haki ya kuisoma na kuirekebisha programu aitumiayo.

Na sisi tunayo historia yetu. Mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila kibali. Marufuku hiyo imekwisha zamani, na hakuna atakaye irudi. Lakini hofu iliyokuwa nyuma yake, ya kununua mashine za ghali pasipo watu wanaozijua, ingali na maana. Ofisi inayotupa printa nzima kwa sababu ya namba iliyobadilika inatupa fedha za umma.

Tunapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti kubwa. Kwanza, kila printa ya ofisi na ya shule iwekewe namba ya kudumu siku inapofungwa, na namba hiyo iandikwe juu ya mashine. Pili, pembeni yake ibandikwe karatasi moja ya Kiswahili yenye maswali tuliyoyaeleza, kwa utaratibu wake, kwani neno moja la Kiingereza kwenye kioo halimfundishi mtu la kufanya. Tatu, mashine isiandikwe kuwa imekufa kabla haijaombwa kuchapa ukurasa wake yenyewe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwalimu wa Misunkumilo alikuwa amebakiza hatua moja tu ajenge ukuta, kwa mshahara wake mwenyewe, na ufa wake ulikuwa tarakimu mbili.