Wadau, msitupe vibendera vya zamani!

Vijana wenzangu hapa Mtwara wananishangaa nikiwaambia nakusanya vibendera vya zamani. Siongelei zile bendera kubwa za kwenye mlingoti. Naongelea vile vidogo vya kupepea mkononi, vya kitambaa au karatasi, vilivyochapwa rangi na kufungwa kwenye kijiti, ambavyo watoto wa shule hupewa siku ya sherehe au akija kiongozi. Sherehe ikiisha vinakanyagwa, vingine vinawashiwa moto jikoni. Vilivyobaki ni vichache mno, na wenye navyo ni wazee.

Sasa vina faida gani? Jamani, kibendera ni kama risiti: kina tarehe yake. Kule Marekani kuna watu wanavinunua kwa pesa ndefu, na kitu cha kwanza wanachofanya ni kuhesabu nyota. Zikiwa 48, ni bendera ya kati ya 1912 na 1959. Zikiwa 49, ni ya mwaka mmoja tu, 1959 hadi 1960. Zikiwa 50, ni ya kuanzia 4 Julai 1960. Sisi hatuna nyota za kuhesabu, lakini tuna rangi na mpangilio wake. Haya, twende mdogo mdogo:

1. Nyekundu, ina bendera ya Uingereza kwenye kona na kichwa cha twiga: hiyo ni Tanganyika ya Mwingereza. Ilikoma Uhuru ulipoingia, 9 Desemba 1961.

2. Kijani, nyeusi, kijani, kwa mlalo: TANU. Chama kilianzishwa 7 Julai 1954, kikaungana na ASP ikazaliwa CCM 5 Februari 1977.

3. Kijani na nyeusi vilevile, ila nyeusi imebanwa na mistari miwili myembamba ya njano: hiyo sasa ni Tanganyika huru. Wengi wanaichanganya na ya TANU. Haikufikisha hata miaka 3, kwa sababu Muungano ulikuja 26 Aprili 1964. Ukiipata ya enzi zile, umepata kitu!

4. Mstari mweusi wa mshazari wenye kingo za njano, kijani juu, bluu chini: hii ya kwetu ya leo, tangu 30 Juni 1964. Bluu ilitoka kwenye bendera ya Zanzibar. Kwa kuwa inatumika hadi sasa, rangi peke yake haitakuambia umri. Hapo angalia kitambaa.

5. Hii ni ya sisi watu wa kusini. FRELIMO iliundwa Dar es Salaam mwaka 1962, wapiganaji wake wakafanya mafunzo Nachingwea, na Msumbiji ikapata uhuru 25 Juni 1975. Bendera yao ya kwanza ya taifa ilikuwa na miale ya rangi inayotoka kona ya juu. Mwaka 1983 wakaleta hii yenye pembetatu nyekundu, nyota, kitabu, jembe na bunduki. Kwa hiyo ukikutana na ya miale, ni muundo wa 1975 hadi 1983.

Tahadhari, feki zipo. Na siyo lazima mtu awe amekusudia kutapeli: bendera ya zamani inaweza kuchapwa upya kwa ajili ya kumbukumbu. Kwa hiyo muundo unakuambia kibendera hakiwezi kuwa cha kabla ya mwaka gani, ila haukuhakikishii kwamba ni cha mwaka huo. Shika kitambaa. Kikiteleza na kung'aa kama cha jezi, kuwa na wasiwasi. Tazama kwa kioo cha kukuzia: ukiona vidoto vidogo vidogo vya rangi, huenda kimetoka kwenye printa ya kompyuta. Na ule ukahawia wa uzee usikudanganye, chai ya rangi inaweza kuuleta kwa usiku mmoja.

Kutunza ni kazi nyepesi, ila hapa pwani tuna jua, unyevu, mende na mchwa. Usifue, rangi zitachuja. Usibandike selotepu, usitie lamination. Kifunge kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichofuliwa na kukauka vizuri, weka sandukuni mbali na ukuta wenye unyevu, na ukitoe mara moja moja ukague.

Lakini kubwa kuliko yote ni hadithi yake. Hapa mtaani kwetu kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa na vibendera vya TANU ndani ya kopo la maziwa. Dalali akampa shilingi elfu mbili, akaondoka navyo, hakuuliza hata swali moja. Bibi amekwisha fariki. Vile vibendera popote vilipo ni vitambaa tu, kwa sababu hakuna anayejua vilipepewa wapi, siku gani, na nani.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujaulizia bei, mpe mzee shikamoo yake, kaa chini, msikilize. Andika jina lake, mahali na mwaka kwenye karatasi ya pembeni, usiandike juu ya bendera. Piga picha pande zote mbili. Akikataa kuuza, bora zaidi, picha na maneno yake unayo.

Nawasilisha.