Kabla ya Kuziba Bonde, Uulizwe Mwamba

Mwananchi atazamaye mabonde ya Hasamba, wilayani Mbozi, wakati wa mvua, huona maji mengi yakienda zake bure, na wazo humjia mara moja: tuzibe hapa, tupate bwawa. Wazo ni jema. Miji ya Vwawa na Tunduma imekua, na kila kaya yahitaji maji. Lakini swali la kwanza la mhandisi si ukubwa wa tuta. Swali ni je, bonde lenyewe litashika maji?

Miamba ya Mbozi ni ya kale mno. Wanajiolojia huihesabu katika ukanda wa Ubendi, wenye umri upatao miaka milioni 2,000. Imepindwa, ikapasuka, na jirani yake limepita Bonde la Ufa la Rukwa. Chemchemi za maji moto za Songwe, upande wa Mbeya, zashuhudia kwamba katika nchi hii maji husafiri mbali chini ya miguu yetu.

Basi wataalamu huchoronga. Huingiza maji tunduni kwa msukumo, wakapima yanayopotea mwambani. Kipimo hicho huitwa Lugeon, kwa jina la mwanajiolojia wa Uswisi: lita 1 kwa dakika katika kila mita 1 ya tundu, kwa msukumo wa baa 10. Pakivuja mno, nyufa hujazwa uji wa saruji, na gharama hupanda.

Visima vya jirani navyo hupimwa kina, kiangazi na wakati wa mvua. Ikiwa maji yaliyomo ndani ya kilima cha kando yako chini kuliko uso wa bwawa, maji ya bwawa yatapenya kilimani na kutokea bonde la pili. Hapo mzee ajuaye ni chemchemi ipi isiyokauka mwezi wa Oktoba ni mtaalamu kamili, hata kama hana shahada. Wala vichuguu vya mchwa visidharauliwe: njia zake chini ya tuta ni mabomba yaliyokwisha kuchimbwa.

Asemaye kuwa hayo yote ni kuchelewesha maendeleo, na akumbuke bwawa la Teton, jimbo la Idaho, Marekani. Tuta lile la udongo, lenye kimo cha mita 93 hivi, lilijengwa juu ya mwamba wa volkano uliojaa nyufa. Nyufa zilijulikana, zikajazwa saruji, lakini hazikuzibika zote. Asubuhi ya tarehe 5 Juni 1976, bwawa likijazwa kwa mara ya kwanza, maji ya tope yalionekana yakibubujika. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa.

Neno la kushika hapo ni tope. Kila tuta la udongo huvuja kidogo, na maji maangavu machache si ajabu, mradi yapimwe daima. Yakigeuka rangi, udongo unachukuliwa kutoka ndani. Mlinzi wa bwawa apewe chupa safi ya kioo, achote, aitazame juani, kisha aandike daftarini alichokiona.