Kabla ya Kuandika "Inauzwa"

Anayezunguka mitaa ya Dar es Salaam hachelewi kukutana na ukuta ulioandikwa kwa herufi kubwa: NYUMBA HII HAIUZWI. Wengine huongezea chini yake: OGOPA MATAPELI. Wenye nyumba hawakuandika hivyo kwa mapambo. Wapo watu waliouziwa nyumba na kijana wa familia aliyekuwa na njaa ya pesa, au na mpangaji aliyejifanya mwenye nyumba wakati mwenyewe yuko safarini. Mnunuzi wa leo anazijua habari hizo. Akifika kuona nyumba ambayo kweli inauzwa, anasifia marumaru na kupima sebule kwa macho, lakini kinachomkosesha usingizi ni kama huyu anayemwonyesha vyumba ana haki ya kuviuza.

Wauzaji wengi huanzia upande wa pili. Wanabadili dari, wanaweka geti jipya, wanamwaga pevingi uani, na bahasha ya nyaraka haijafunguliwa tangu mzee alipofariki. Mteja mzuri anapatikana, bei inakubalika, kisha wakili wake anaomba hati na mambo yanasimama hapo. Mteja mwenye pesa mkononi hasubiri miezi minne. Anavuka mtaa wa pili.

Maandalizi basi yaanzie kabatini. Hati ya kumiliki ardhi ikiwepo, muuzaji akague jina lililomo, ukubwa wa kiwanja na muda wa umiliki, ambao kwa kawaida ni miaka 33, 66 au 99. Kodi ya pango la ardhi ilipwe yote na stakabadhi zikae pamoja na hati. Kodi ya jengo siku hizi haisumbui sana, kwa kuwa tangu 2021 inakatwa kwenye umeme wa LUKU. Mwenye leseni ya makazi au karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa naye anaweza kuuza, lakini ajue amejifungia mlango mmoja: benki inayokopesha wanunuzi wa nyumba huhitaji hati, kwa hiyo anabaki na wateja wa fedha taslimu, na hao huja na punguzo lao. Kama mtaa uko kwenye urasimishaji, ni vizuri kuuliza zoezi limefika wapi kabla ya kutangaza bei.

Kisha familia. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Wakili makini ataomba ridhaa hiyo kwa maandishi, na kwa asiye na ndoa ataomba kiapo. Nyumba ya urithi ina safari ndefu zaidi: kabla msimamizi wa mirathi hajathibitishwa na mahakama, hakuna mwenye mamlaka ya kuuza, hata ndugu wote wakiwa wamekubaliana msibani. Na "wote wamekubali" ni kauli ya kuipima mara mbili. Kaka mmoja aliyeko Arusha, asiyeshirikishwa kwenye kikao, anatosha kuupeleka uuzaji mahakamani.

Jambo dogo linalosahaulika ni bikoni. Mawe ya mipaka huzama kwenye majani, hufunikwa na kifusi, au jirani hujenga uzio juu yake. Kufyeka pembe nne za kiwanja na kuyaacha mawe wazi ni kazi ya asubuhi moja, na mnunuzi akiyaona huacha kuuliza maswali kumi. Hali kadhalika hifadhi ya barabara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kando ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara hadi Kiluvya, zilibomolewa kupisha upanuzi wa barabara. Tangu wakati huo mtu anayetafuta nyumba karibu na lami hutafuta kwanza alama ya X ya bomoabomoa ukutani, kisha huuliza za nyuma ya rangi. Muuzaji aliyekwenda kuulizia mapema ana jibu la kutoa.

Baada ya karatasi ndiyo zamu ya nyumba yenyewe, na hapa adui mkubwa wa pwani ni chumvi. Kila mkazi wa Dar anaifahamu sura yake: kuanzia usawa wa goti kushuka chini, rangi imevimba malengelenge, plasta inapukutika ukiigusa kwa kidole, na unga mweupe umejipanga sakafuni. Chanzo ni maji ya ardhini. Yanapanda kupitia tofali, hasa pale ambapo fundi hakulaza nailoni juu ya msingi, yakibeba chumvi iliyomo udongoni au kwenye mchanga uliotumika kujengea. Yakifika kwenye uso wa ukuta yanakauka, chumvi inabaki, inaganda na kuisukuma rangi kutoka ndani.

Dawa inayopendwa ni kupaka rangi ya mafuta sehemu ya chini. Inapendeza kwa wiki chache. Lakini rangi hiyo inayazuia maji yasitoke, nayo yanaendelea kupanda na kujitokeza juu zaidi, mwezi ambao mteja wa pili anakuja kuangalia. Mnunuzi aliyewahi kujenga hugonga ukuta kwa kidole akisikiliza plasta iliyoachana na tofali, na akiona rangi mpya iliyoishia kiunoni anaelewa kila kitu bila kuambiwa. Kazi yenyewe ni kubandua plasta mpaka tofali lionekane, kupanda juu kidogo kupita doa, kuacha ukuta ukauke vizuri, kisha kupiga plasta mpya yenye dawa ya kuzuia maji. Nje, udongo wa bustani uliorundikwa ukutani uondolewe na maji ya mvua yapewe mkondo wa kwenda mbali na msingi. Kama pesa ya kazi hiyo haipo, afadhali kuacha doa wazi na kulitaja. Mteja atakata gharama ya fundi kwenye bei. Akiligundua limefichwa, atakata na imani pia, na hiyo haina bei ya fundi.

Dari nalo husema mengi. Silingibodi yenye ramani ya maji ya kahawia ikibadilishwa kabla bati halijazibwa, ramani itarudi mvua ya kwanza. Aghalabu tatizo ni misumari iliyoshika kutu au iliyolegea, kazi ya fundi mmoja na ngazi.

Ukarabati mwingine uwe wa mkono mfupi. Jiko la kisasa lenye makabati ya mbao ghali huwa ni chaguo la muuzaji. Mnunuzi ana jiko lake kichwani. Kinacholipa ni koki zisizovuja, sinki la choo lisilotikisika, swichi zinazowaka zote, milango inayofunga bila kusukumwa na bega, na rangi moja nyepesi ndani, ya maziwa au nyeupe, badala ya chumba cha zambarau na kingine cha chungwa. Sebule zetu zina tabia ya kubeba seti mbili za sofa, kabati la vyombo, meza ya kioo na mapazia mazito. Nusu ya vitu hivyo vikihamia kwa shangazi kwa muda, chumba kile kile kinaonekana kama kimeongezwa.

Nyumba yenye wapangaji ina hesabu yake. Mpangaji aliyelipa kodi ya miezi sita mwezi uliopita hawezi kutolewa kesho kwa sababu mwenye nyumba kapata mteja. Anayenunua ili aishi atataka kujua tarehe ya kuhama. Anayenunua kitega uchumi atataka mikataba. Vyote viandaliwe, na wapangaji waambiwe mapema, maana mpangaji aliyenuna akifungua mlango huharibu biashara kuliko ufa ukutani.

Bei ndiyo sehemu chungu. Mwenye nyumba hukumbuka kila mfuko wa saruji, kila safari ya lori la mchanga, miaka aliyokaa bila kununua suti. Soko halikumbuki. Kuuliza jirani "yako unauza ngapi" hakusaidii, kwa sababu ya jirani inaweza kuwa imekaa miaka miwili kwa bei hiyo hiyo. Swali la kuuliza ni iliyouzwa karibuni iliondoka kwa ngapi, na pale penye utata mthamini aliyesajiliwa ana thamani kuliko ada yake. Hesabu ihusishe pia kodi: Mamlaka ya Mapato hutoza asilimia 10 ya faida kwa muuzaji mkazi wa nchi. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 iliweka nafuu kwa nyumba ambayo mtu ameimiliki na kuishi ndani yake miaka mitatu au zaidi, faida isipovuka shilingi milioni 15. Kwa aliyenunua kiwanja kwa milioni 10, akajenga kwa milioni 50 na kuuza kwa milioni 90, faida ni milioni 30, lakini hiyo milioni 50 inathibitishwa na stakabadhi za nondo, bati na mafundi. Waliozitupa ndio wanaolalamika baadaye.

Halafu kuna madalali. Si watu wabaya, na mtaani bila wao wateja hawafiki. Tatizo ni "cha juu". Mwenye nyumba anataka milioni 80. Dalali wa kwanza anapachika tano zake, wa pili aliyepewa taarifa naye anapachika tano nyingine. Mteja anasikia 90 Jumamosi, Jumatatu anasikia 80 kwa mwingine, anahitimisha kuwa kuna mchezo, anapotea. Dalali mmoja au wawili, bei moja iliyoandikwa, na kamisheni iliyokubaliwa mapema hupunguza fujo hiyo. Na tangazo likisema "inauzwa haraka, mwenye nyumba ana shida", ofa zitakuja kwa kipimo cha shida hiyo.

Wakati wa kuonyesha nao una maana. Wengi huikimbia masika. Lakini nyumba isiyovuja, ambayo barabara yake inapitika na uani hapatuami maji, haina ushahidi mzuri kuliko mvua ya Aprili. Anayeiona siku hiyo hahitaji kuapiwa kwamba mtaa haufuriki.

Mwisho, viandikwe vitakavyobaki: simtanki na pampu, viyoyozi, mapazia na fimbo zake, jiko la gesi lililojengewa, taa za urembo. Ugomvi wa dakika za mwisho mara nyingi unahusu simtanki la lita elfu mbili, katika biashara ya makumi ya mamilioni. Orodha hiyo iende kwa wakili pamoja na mkataba, bili ya maji ya DAWASA ilipwe hadi siku ya makabidhiano, na akaunti ihamishiwe jina la mwenye nyumba mpya.