Simu ya Kwanza Baada ya Darasa la Saba

Mtihani wa darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Katikati ya hapo mtoto wa Same mjini, wa Hedaru au wa kule juu Mamba anakaa nyumbani, na ndipo simu inapomfikia: ile ya mama, au kuukuu anayoletewa na mjomba aliyepanda kutoka Dar es Salaam kula sikukuu na ndugu. Ana miaka 12 au 13. TikTok, Instagram na Facebook hutaka mtumiaji awe ametimiza 13, lakini mwaka wa kuzaliwa huuandika mwenyewe.

Umri huo una mambo yake. Balehe inapoanza, sehemu za ubongo zinazoonja raha ya kusifiwa huchangamka mapema, ilhali sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu avuke miaka 20. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliwapima ubongo vijana 32 wa miaka 13 hadi 18 huku wakiwaonyesha picha kama zile za Instagram. Kijana alipoona picha yake imepata laiki nyingi, sehemu hizo za raha zilishtuka zaidi. Tena vijana walielekea kuipenda picha iliyokwisha kupendwa na wengi, hata iliyoonyesha sigara au pombe. Idadi ya laiki ilikuwa imepangwa na watafiti wenyewe.

Tapeli hahitaji maabara kulijua hilo. Huanza kwa sifa. Picha ya mtoto mtandaoni, akiwa na sweta la shule lenye nembo, imeshamwambia tapeli anasoma wapi. Mara nyingi picha hiyo ameirusha mzazi kwa furaha ya matokeo. Siku zinapita, wanakuwa marafiki, ndipo inaombwa picha ya faragha. Ikishatumwa, lugha inabadilika: tuma pesa, au tuma nyingine, la sivyo naipeleka kwa baba yako.

Hapo ndipo pa kutazama kwa makini. Kitisho hicho kina nguvu kwa sababu mtoto anaamini baba atachukua fimbo kwanza na kuuliza baadaye. Kumnyang'anya simu na kumchapa kunamfundisha kunyamaza safari ijayo, na kimya ndicho anachokitaka yule mtu. Aambiwe mapema, kabla hajakosea: ukitishiwa, njoo, hutapigwa. Bibi anayelea wajukuu Mbaga huenda hajui WhatsApp, lakini ahadi hiyo anaweza kuitoa na kuitimiza.

Mtoto akija, msilipe chochote wala msifute mazungumzo. Hifadhini namba na jina la akaunti, kisha mzuieni mtu huyo. Picha ya mtoto msiisambaze hata kwa kutafuta msaada. Pelekeni simu yenyewe kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, kituo cha polisi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inamlenga msambazaji wa picha za ngono za watoto, na mtoto kisheria ni yeyote aliye chini ya miaka 18.

Iko pia Huduma ya Simu kwa Mtoto, namba 116, isiyotozwa salio. Iwekwe kwenye simu kabla mtoto hajakabidhiwa, na siku hiyohiyo mzime pamoja kitufe kinachoiambia kamera picha imepigwa wapi.