Adam Ondra: Mfalme wa miamba aliyeangushwa na hesabu

UNAIJUA presha ya siku ya mwisho ya ligi. Timu yako imemaliza mechi yake na imeshinda, lakini wachezaji hawashangilii bado. Wanasikilizia uwanja mwingine. Bao moja tu likiingia kule, kombe linahama.

Agosti 5, 2021 presha hiyo ilimkuta mtu mmoja jijini Tokyo. Anaitwa Adam Ondra, raia wa Czech, na wengi walimhesabu kuwa mpanda miamba bora duniani.

Sifa hiyo hakuipata kwa maneno. Mwaka 2017, kwenye pango la Flatanger kule Norway, Ondra alipanda njia aliyoiita Silence na kuipa daraja la 9c. Hakuna njia duniani iliyokuwa imewahi kupewa daraja hilo. Kwa hiyo mchezo huu ulipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza, mashabiki wake walianza kuipigia hesabu dhahabu mapema.

MICHEZO MITATU, DHAHABU MOJA

Shida ilikuwa kwenye mfumo. Kupanda kuna vipengele vitatu. Kuna mbio, ambapo watu wawili wanakwea ukuta wa mita 15 na anayefika juu kwanza ndiye mshindi. Kuna kuta fupi zisizo na kamba, chini yake yametandikwa magodoro, na hapo unafumbua fumbo la wapi ushike na wapi ukanyage. Halafu kuna ukuta mrefu wa kamba, ambapo anayefika mbali zaidi kabla hajaanguka ndiye anayeongoza.

Tokyo wanaume walipewa dhahabu moja kwa vipengele vyote vitatu. Ni kama kumtafuta bingwa mmoja kwa kuchanganya soka, futsal na soka la ufukweni. Wataalamu wa miamba kama Ondra, ambao maisha yao yote hawakukimbilia saa, ikabidi wajifunze mbio ukubwani. Yeye mwenyewe aliukosoa mfumo huo hadharani.

Pointi nazo hazikujumlishwa, zilizidishwa. Unachukua nafasi yako katika kila kipengele, unazidisha, na mwenye jibu dogo ndiye bingwa. Maana yake, ukishika namba moja mahali pamoja, unafunika madudu uliyofanya kwingine.

MTU WA MWISHO

Fainali ikapigwa. Ondra akawa wa nne kwenye mbio, si haba kwa mtu wa miamba. Kwenye kuta fupi mambo yakagoma, akawa wa sita. Ikabaki kamba, nyumbani kwake.

Akapanda hasa. Alipoteremshwa, hakuna aliyekuwa juu yake. Nne mara sita mara moja, jibu 24. Hesabu hiyo ilimweka karibu kabisa na dhahabu.

Ila mtu wa mwisho kupanda alikuwa Jakob Schubert wa Austria. Ondra hakuwa na la kufanya zaidi ya kutazama. Schubert akapita kishikio kimoja baada ya kingine, akampita Ondra, akafika juu kabisa. Ni yeye pekee aliyeumaliza ukuta ule.

Ondra akashuka hadi wa pili kwenye kamba. Jibu lake likawa 48, na kutoka dhahabu akaporomoka hadi nafasi ya sita. Hakupata hata shaba.

Schubert mwenyewe aliambulia shaba kwa pointi 35. Fedha ilikwenda kwa Nathaniel Coleman wa Marekani kwa pointi 30. Dhahabu ikatua kwa kijana wa miaka 18, Alberto Ginés López wa Hispania, aliyeshinda mbio, akawa wa saba kwenye kuta fupi na wa nne kwenye kamba. Jibu 28.

Usimlaumu Ginés. Sheria zilikuwa mezani kwa wote, na yeye alizitumia vizuri kuliko wenzake. Lakini wakubwa wa mchezo waliliona tatizo. Paris 2024 mbio zikapewa medali zake. Los Angeles 2028 vipengele vyote vitatu vitakuwa na dhahabu yake kila kimoja.

Kwa vijana wanaokuja ni habari njema. Kwa Ondra, aliyezaliwa 1993, imechelewa miaka saba.